Goti linasingiziwa, mwenye kesi ni paja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nimeandika ndefu ila mkipunguza basi punguzeni hapa mwanzoni, huko kati msiguse. Mimi ni mtu wa mlimani, huu wetu wa Kilimanjaro, nilianza ugumu mwaka 2004 nikibeba mizigo ya wageni, wabebaji ndo tunaitwa wagumu, sa hivi ni asistanti, yaani nawapeleka wageni mpaka kileleni chini ya mwongozaji mkuu, na nakaa Rau hapahapa Moshi. Nataka kuongelea magoti.

Ijumaa iliyopita nilikuwa maeneo ya stendi nikakuta ile gari yenye spika mbili juu, jamaa anatangaza kwamba wewe mama unayeshindwa kuchuchumaa mafuta ya magoti yako yameisha, chupa moja elfu kumi na tano, ukinywa tatu unarudi ujanani. Watu wamejaa mpaka bodaboda hazipiti. Na kwenye foleni nani nimemwona, jirani yangu mama mtu mzima ambaye kila Jumanne na Ijumaa anashusha ndizi toka Kibosho mpaka soko la Mbuyuni. Nikamwambia shikamoo mama, hizo hela si bora ununue nyama? Akanijibu marahaba mwanangu, kupanda napanda vizuri tu, tabu kushuka, goti linachoma kama pilipili, sasa nifanyeje na ndizi hazijishushi. Nikakosa la kumjibu pale pale, kwa sababu spika ilikuwa inapiga kelele. Hii barua ndo jibu langu.

Tuanze na hayo mafuta. Ni kweli ndani ya goti kuna ute, na kazi yake ni kulainisha. Ila goti zima la mtu mzima mwenye afya lina ute ambao haujai hata kijiko kimoja cha chai, hata la mcheza mpira wa miaka ishirini ni hivyo hivyo. Na haukai kama oili kwenye injini ya fuso kwamba ikivuja unaongeza, ngozi laini ya ndani ya goti inautengeneza kila siku. Tena lile gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu, linapata chakula chake kwenye huo ute goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Chupa ya elfu kumi na tano inaishia tumboni. Na supu ya kongoro ni tamu sana na mimi naipenda, ila tumbo linaisaga kama chakula kingine chochote, haina njia yake binafsi ya kwenda gotini.

Haya mambo siyajui kwa kusoma, nimeyajua kwa kuumia. Mwaka 2016 nilishuka na kundi kwa njia ya Mweka. Wanaojua mlima wanaelewa ile siku ilivyo, unaamka saa tano usiku kambi ya Barafu kwenye mita 4,673, unapanda mpaka kilele cha Uhuru mita 5,895, halafu hapo hapo unageuza, unashuka kule kwenye changarawe, unapita Barafu, unaendelea mpaka kambi ya Mweka ambayo iko kama mita 3,100. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu mita 2,800 za kushuka ndani ya siku moja, na usiku hujalala, na kesho yake asubuhi zinakusubiri zingine kama 1,400 hivi mpaka getini, kwenye ngazi za miti na tope. Siku ile goti la kulia liligoma. Mbele kabisa, chini ya pia ya goti, kile kifupa cha duara cha mbele, kila nikitua mguu nasikia kama mtu anachomeka msumari. Nilishuka kinyumenyume mpaka getini, wageni wakidhani ni utani.

Nikafanya yale wote tunafanya. Dawa ya kuchua, mkanda wa goti, kupumzika miezi miwili bila kutembea sana, nikapiga eksirei nikaambiwa mifupa haina shida, sehemu nyingine wakanichoma sindano bila hata kunishika mguu. Nikirudi kazini siku ya kwanza goti lile lile. Mwisho nikapelekwa na shemeji kwa mtaalamu wa viungo, kijana mdogo tu, nikamdharau. Akanivua suruali akachukua futi ya fundi cherehani akapima paja la kulia na la kushoto. La kulia limepungua sentimita tatu! Akaniambia kaka, goti lako halina kosa kubwa, bosi wake ndo kalala.

Akanieleza hivi na mimi naeleza kama nilivyoelewa. Paja la mbele lina misuli minne mikubwa. Mitatu inaanzia kwenye mfupa wa paja wenyewe, mmoja unaanzia juu zaidi kwenye nyonga, kwa hiyo huo unavuka viungo viwili, nyonga na goti. Yote minne ikifika chini inaungana kuwa kano moja nene, kano hiyo inaibeba pia ya goti, halafu inaendelea chini ya pia mpaka kwenye kile kinundu cha mbele cha muundi, kiguse utakisikia. Sasa hiyo pia ya goti kazi yake ni nini? Waliochota maji kwenye kisima chenye kapi wataelewa haraka. Kapi inaisogeza kamba isikwaruze ukingo, ndoo inapanda bila kukwama. Pia ya goti nayo inaisukuma kano mbele kidogo mbali na katikati ya goti, hapo msuli unapata mkono mrefu wa kuvutia, bila pia paja lingelazimika kuvuta kwa nguvu nyingi zaidi ili tu kunyoosha mguu.

Na hiyo kapi ina mfongo wake, mwishoni mwa mfupa wa paja kuna mfereji, pia inateleza humo juu na chini kila ukikunja goti. Kinachoiweka katikati ya mfereji ni nani anavuta kutoka wapi. Upande wa ndani juu ya goti kuna msuli wenye umbo kama tone, wacheza baiskeli unawaona unavyotokeza, huo unavuta kuelekea ndani. Upande wa nje kuna msuli mwingine mkubwa, na tena kuna vitambaa vigumu vya nyuzi ambavyo vimeungana na ule ukanda mrefu wa pembeni ya paja, nitaufikia. Wa nje wakizidi nguvu au wakikaza, na wa ndani kalegea, pia inaenda upande na inakandamizwa sehemu moja ya mfereji. Hapo ndo unasikia msumari. Utausikia ukishuka ngazi, ukichuchumaa chooni, hata ukikaa na goti limekunjwa kutwa nzima kwenye basi la Dar. Wapo wanaodai kuna zoezi la kuamsha huo msuli wa ndani peke yake, yule kijana akaniambia achana nao, unaimarisha paja lote la mbele pamoja na nyonga, na wenyewe utafuata.

Lakini kitu kilichonifungua macho kabisa ni hili la kushuka, na naomba wagumu wenzangu mlisome mara mbili. Tunadhani kupanda ndo kazi na kushuka ni mapumziko kwa sababu pumzi haikati. Kwa pumzi sawa. Kwa paja ni kinyume. Ukipanda msuli unafanya kazi huku unajifupisha. Ukishuka unafanya kazi huku unavutwa na kurefuka, yaani umekaza lakini unaachia taratibu ili usianguke kifudifudi, ni breki. Dereva mzuri anayeshusha lori la ndizi toka Marangu anaingiza gia ndogo injini imshikilie, dereva mbovu anakanyaga breki njia nzima na mkifika Himo magurudumu yananuka. Paja likiwa na nguvu ndo hiyo gia ndogo. Likichoka unaanza kutua na mguu umenyooka kama fimbo, goti halikunji tena kupokea uzito, na kile kishindo ambacho msuli ulitakiwa ukimeze kinaenda moja kwa moja kwenye gegedu na kwenye vile visahani viwili vilivyo katikati ya mifupa, shokapu imekufa unatembelea chesesi.

Na vishindo vyenyewe si vidogo. Kuna wagonjwa waliowekewa magoti ya bandia yenye vipimo ndani, ikaonekana wakishuka ngazi goti linabeba zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili. Mimi nina kilo 62. Mzigo wa mgumu kwa sheria mwisho kilo 20. Jumla 82, zidisha kwa tatu unapata 246, kila hatua, na kutoka Barafu mpaka getini hatua ni maelfu kwa maelfu. Hapo sijaongelea wale wanaopimiwa getini kilo 20 halafu wakishapita kona wanaongezewa begi. Wanajijua.

Sasa kuna maumivu ya aina mbili msichanganye. Yale ya mapaja yanayokuja kesho yake na kuzidi kesho kutwa, mpaka unakaa kitini kwa kushikilia ukuta, yale ni ya msuli uliopigwa breki sana, yanaisha yenyewe ndani ya siku chache, na msuli unakumbuka, safari ya pili baada ya wiki mbili huumii vile. Ndo maana wagumu tunaumia sana safari ya kwanza ya msimu halafu tunazoea. Ila yanayochoma ndani ya goti hatua kwa hatua, au yanavimbisha, hayo ni habari nyingine.

Na kuvimba kuna siri yake, hii ndo ilinimaliza mimi bila kujua. Goti likijaa maji hata kidogo, linapeleka taarifa juu na paja la mbele linapunguziwa umeme, hulikazi vizuri hata ukitaka. Mwili unadhani unalilinda goti. Kwa hiyo goti linavimba, paja linalala, unaona maumivu unapumzika, paja linazidi kukonda, unarudi kazini na paja jembamba goti linabeba yote, linavimba tena. Ile miezi miwili ya kulala na mkanda ndo ilikula sentimita zangu tatu. Mkanda haukunidhuru ila nao haukunijengea kitu.

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu, hiyo inakunja goti, lakini ina kazi nyingine ambayo vijana wa mpira hawaijui. Ndani ya goti katikati kuna ligamenti mbili, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, zimepishana kama msalaba, ile ya mbele inazuia muundi usichomoke kwenda mbele. Goti likiwa karibu limenyooka, misuli ya mbele ya paja ikivuta kwa nguvu inausukuma muundi mbele, na misuli ya nyuma inaurudisha. Kijana anayepiga skwati za mbele tu kila siku na nyuma hajawahi kugusa, siku akigeuka ghafla uwanjani na goti limeingia ndani, ile ligamenti inabaki peke yake. Mnasikia "tap", halafu kijana anakaa nje karibu mwaka. Wazungu wa mlimani nao wananiambia wakianguka kwenye barafu kwao wanasikia sauti hiyohiyo.

Halafu ukanda wa pembeni niliosema. Paja lote limevikwa gamba gumu jeupe chini ya ngozi, mliowahi kuchuna mbuzi mnaijua ile ngozi nyeupe inayofunga nyama ya mguu, wachinjaji wa Weruweru wanaichana kwa ncha ya kisu. Kwa binadamu upande wa nje gamba hilo limenenepa likawa ukanda, unatoka juu kwenye nyonga unashuka mpaka chini kidogo ya goti kwenye muundi. Wenyewe siyo msuli, haukazi wala kulegea wenyewe. Unavutwa na msuli mkubwa wa tako kwa nyuma na msuli mdogo wa mbele ya nyonga. Ndo maana kila mwaka mbio za Kilimanjaro Marathon zikikaribia unakuta vijana wanalia na maumivu nje ya goti, wanalala juu ya chupa ya maji wanajisugua pembeni ya paja mpaka machozi, eti wanaurefusha ukanda. Haurefuki kwa chupa, ni mgumu kama mshipi wa turubai. Zamani ilisemwa unasuguana na mfupa, siku hizi wataalamu wengi wanaona shida ni unaikandamiza nyama laini yenye mafuta iliyo chini yake, kwenye kona ya mfupa. Tako likiwa dhaifu, nyonga inadondoka upande, goti linaingia ndani, ukanda unakaza. Dawa yake inaanzia kwenye tako na kupunguza kilomita kwa muda, chupa mnywe maji.

Yule kijana alinipa vitu vitatu tu nikafanya wiki kumi na mbili. Kukaa mgongo ukutani kama kuna kiti wakati hakuna, nahesabu mpaka thelathini. Kusimama kwenye ngazi moja ya baraza mguu mmoja, ule mwingine unashuka taaaratibu mpaka kisigino kiguse chini halafu narudi, goti likitazama vidole lisiingie ndani. Na kulala chali nainua kiuno juu kwa matako. Wiki mbili za kwanza nikaona upuuzi, wiki ya sita nikashuka ngazi za benki bila kushika chuma. Akanionya nisiharakishe, kwamba msuli unajengeka mapema ila kano ni mvivu, damu yake kidogo, inataka miezi. Na akaniambia maumivu kidogo wakati wa zoezi ruksa mradi kesho yake asubuhi yasiwe yamezidi.

Mlimani nilibadilisha mambo mawili. Fimbo mbili za kutembelea nazitumia kushuka, sio za wageni tu, uzito fulani unahamia mikononi na magoti yanapumua, nilikuwa naona aibu ila aibu haina goti. Na hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, sikimbii tena kwenye changarawe kama nilivyokuwa na miaka ishirini na tano.

Sisemi kila goti ni paja. Goti lililojifunga halikunjuki, lililovimba ghafla baada ya kuanguka, lenye moto na homa, linalochomoka ukitembea, hilo nenda hospitali leo, pale KCMC kuna watu wa mifupa na wa viungo. Na wazee ambao gegedu limeshachakaa kweli, hata hao kuimarisha mapaja kunapunguza maumivu, hilo madaktari wanalishauri siku zote ila ukitoka chumbani na karatasi ya vidonge unasahau lile la mdomo.

Kwa kampuni za mlima nina ombi moja, na nimefanya na nyingi kwa hiyo hakuna anayesemwa hapa. Ile siku ya kilele msiwalazimishe watu kushuka mpaka kambi ya Mweka ili mgeni awahi chakula cha mchana mjini kesho yake. Pale katikati kuna High Camp, watu walale pale ikiwezekana. Na wagumu wapya kabla ya msimu wapewe hata wiki nne za kupanda na kushuka ngazi na mzigo mdogo, hakuna gharama, mapaja yao ndo gari lenu.

Na kwa gazeti, Mhariri, mna ukurasa wa afya kila wiki, mwiteni mtaalamu wa viungo aeleze hili na picha, mimi sio mtaalamu nimeeleza kwa kapi na lori.

Jirani yangu nimeshamwonyesha zoezi la ngazi, kwake kibarazani kuna ngazi mbili za saruji. Amecheka sana, akasema hii ya kushuka ngazi kupona kushuka mlima ni kama kunywa mbege kutibu ulevi. Ila jana jioni nikipita nimemkuta anafanya, kashikilia nguzo, mjukuu anamhesabia. Chupa nayo kanunua, anainywa, sijamkataza.

Kesho kutwa napanda kwa njia ya Lemosho siku nane, kwa hiyo mkiichapa nitaisoma nikishuka.

Mgumu wa zamani,
Rau, Moshi